Mkurugenzi mpya na bodi ya waanzilishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeajiriwa kuwa mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa shirika dogo, akakuta bodi iliyolianzisha bado ndiyo inayoliendesha: inasaini hundi, inapanga safari za kijijini, inakaa na funguo za stoo. Kazi hiyo niliifanya miaka sita wilayani Chamwino, kwenye shirika la maji na elimu ya wasichana lililoanzishwa na walimu wastaafu, muuguzi mmoja na mfanyabiashara wa Majengo. Leo niko upande wa pili. Ni mjumbe wa bodi ya shirika jingine hapa Dodoma mjini. Maswali yote nimeulizwa na wakurugenzi wapya, wengine kwenye mafunzo, wengine kwa simu usiku wakiwa wamekata tamaa. Nimejibu kwa kadiri ya nilivyoyaona.

Kisheria, nani mkubwa: mimi au bodi?

Bodi. Na juu ya bodi, kwenye mashirika mengi, uko mkutano mkuu wa wanachama. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2019, inashughulika zaidi na usajili, taarifa na uwajibikaji kwa Msajili. Haikuandikii wewe mkurugenzi kazi zako. Zimeandikwa, kama zimeandikwa, kwenye katiba ya shirika na mkataba wako wa ajira. Kwa hiyo anza na katiba. Mimi niliisoma mwezi wa tatu baada ya kuajiriwa, nikakuta kifungu kinachosema mweka hazina ndiye "mtunza fedha wa kila siku". Miezi mitatu nilikuwa namlaumu mama wa watu kwa kutimiza katiba.

Tatizo la mashirika yetu madogo ni kwamba watu saba walewale ndio wanachama, ndio bodi, na ndio waliokuwa wafanyakazi wa kujitolea. Wamevaa kofia tatu kwa muda mrefu hata hawajui wanapovua moja na kuvaa nyingine.

Mbona wananiingilia kila siku? Hawaniamini?

Swali hili ndilo naulizwa kuliko yote, na huwa naomba muulizaji anieleze kwanza siku yake ya kuripoti ilikuwaje. Majibu yanafanana. Kulikuwa na kikao, chai na maandazi, mwenyekiti akatoa hotuba fupi, ukakabidhiwa funguo za ofisi, mhuri na faili la usajili, mkasaini hati ya makabidhiano, mkapiga picha. Kesho yake saa mbili asubuhi mweka hazina yuko mlangoni na daftari lake, kama jana na juzi.

Kwetu alikuwa mama mmoja mstaafu wa ualimu. Kila asubuhi alikuja kuhesabu fedha ndogo ndogo, akaandika, akaondoka. Niliona ananipeleleza, nikaanza kumpokea kwa uso mkavu. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, hajaingia, nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwanangu, miaka minane nimeziweka hizi hela kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda changu. Hakuna aliyeniambia niache. Nikikaa nyumbani naona kama nimelala zamu." Hakuwa akinipeleleza. Ofisi ilikuwa imekabidhiwa, kazi yake haikukabidhiwa kwa mtu yeyote.

Tangu siku hiyo nimeshika neno moja. Funguo hukabidhiwa siku moja, lakini kazi hukabidhiwa moja moja, kwa jina na kwa tarehe, na anayeiachia lazima aambiwe mbele ya wenzake kwamba sasa ameitua. Bodi nyingi zinazoitwa king'ang'anizi hazijawahi kufanyiwa hivyo. Wapo waanzilishi wanaong'ang'ania kwa kupenda madaraka, nimekutana nao. Ila ni wachache kuliko tunavyosimuliana.

Makabidhiano ya kazi moja moja yanafanyikaje?

Chukua daftari, mtembelee kila mjumbe nyumbani au kwenye biashara yake, mmoja mmoja. Usimwite ofisini. Muulize swali moja: "Kwa mikono yako mwenyewe, unalifanyia nini shirika hili kuanzia Januari hadi Desemba?" Kisha nyamaza uandike. Utashangaa. Nilidhani mjumbe mmoja hana kazi yoyote zaidi ya kuhudhuria vikao, kumbe ndiye aliyekuwa akimpigia fundi wa pampu kila mashine ikizima, na fundi huyo alikuwa akija kwa mkopo kwa sababu ya undugu wao tu. Ningemweka pembeni, vijiji viwili vingekaa bila maji.

Uliza pia vitu visivyoonekana. Barua pepe ya shirika ilifunguliwa na nani, na neno la siri analo nani? Akaunti ya mfumo wa usajili wa mashirika kwa Msajili inaingia kwa simu ya nani? Namba ya shirika inayopokea M-Pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha nani? Hili la laini limewaumiza wengi. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na kama ni za mwanzilishi, basi hela za wahisani zinaingia kwenye simu yenye jina lake, hata kama nia yake ni safi kama theluji ya Kilimanjaro. Akiugua au akisafiri, mmekwama.

Ukimaliza utakuwa na orodha ndefu. Yangu ilifika kazi 41. Ipeleke kwenye kikao cha bodi kama dokezo, na kila kazi ipewe hatima yake. Nyingine inakuja kwako tangu siku hiyo. Nyingine inabaki kwa mjumbe hadi tarehe fulani, na kabla ya tarehe hiyo mnaifanya pamoja mara mbili au tatu. Nyingine inabaki kwake moja kwa moja, lakini sasa kama mtu wa kujitolea anayetoa taarifa kwako. Yote yaingie kwenye muhtasari. Kikao kinachofuata, chini ya "yatokanayo", orodha inasomwa upya.

Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi hamwachii kijana mkasi wa kupogolea siku ya kwanza. Humweka karibu, amwonyeshe jicho la kuacha na la kukata, maana akikosea hapo msimu umekwenda. Waanzilishi wanaogopa hivyohivyo, na wana haki.

Nianze kupokea kazi ipi?

Isiyopendwa na mtu. Kwenye mashirika madogo hiyo huwa ni kalenda ya sheria: PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) mkifikisha wafanyakazi 10. Halafu taarifa ya mwaka kwa Msajili, hesabu zilizokaguliwa, ada ya mwaka, na cheti chenyewe, ambacho tangu marekebisho ya 2019 kina uhai wa miaka 10 na kinahuishwa. Waanzilishi wengi bado wanaamini shirika la kujitolea halihusiki na TRA, Mamlaka ya Mapato. PAYE ni kodi ya mfanyakazi. Ninyi mnaikata na kuiwasilisha tu, na msipoiwasilisha deni na faini ni vyenu.

Bandika kalenda ukutani. Kila mwezi mtumie mwenyekiti ujumbe wa mstari mmoja: "Shikamoo Mzee, PAYE na NSSF za mwezi uliopita zimelipwa, risiti ziko kwenye faili." Usimtumie kurasa. Baada ya miezi minne au mitano ya ujumbe huo, utaona maswali mengine yanapungua yenyewe. Mtu huachia anapoona kilichoachiwa hakikuanguka.

Mwenyekiti ana umri wa baba yangu. Nitamkatalia vipi?

Hutamkatalia mbele ya watu, na hutamkatalia kwa maandishi kabla ya kumkatalia kwa mdomo. Nenda nyumbani kwake jioni, jua likiwa limepoa. Amkia, uliza habari za nyumba na za shamba, pokea chai. Ukishaulizwa "lete habari", ndipo useme. Na sema kwa swali: "Mzee, lile la kununua tangi kwa yule jamaa, nimekwama mahali. Mkaguzi ataniuliza ankara kifani za maduka mengine na sina. Unanishaurije?" Mara nyingi atajikatalia mwenyewe, na heshima yake inabaki.

Akishikilia, tafuta mtu wa rika lake ambaye humsikiliza. Katika kuposa tuna mshenga, na kwenye bodi mshenga yupo pia. Mara nyingi ni mjumbe asiyesema sana. Kwetu alikuwa muuguzi. Akisema neno moja, mwenyekiti alikuwa anavua miwani na kufikiri.

Kesho yake ndipo uandike, kwa upole: "Kama tulivyozungumza jana nyumbani..." Dokezo hilo halimkomoi mtu yeyote. Linawalinda nyote wawili siku kumbukumbu zitakapotofautiana.

Wakurugenzi wanawake vijana wananiambia kwao ni kugumu zaidi. Wanaitwa "binti yangu" kwenye kikao kinachojadili bajeti ya mamilioni. Ninawaamini, na ninawashauri jambo moja: nyumbani kwake ni binti yake, kikaoni ni mkurugenzi. Ombeni mwenyekiti mwenyewe aseme hivyo mwanzoni mwa kikao, "Sasa tunamkaribisha Mkurugenzi atoe taarifa." Akilisema yeye, wengine hufuata.

Mjumbe anawapa wafanyakazi wangu maagizo moja kwa moja. Nifanye nini?

Zungumza na mjumbe faragha, kisha uwape wafanyakazi maneno ya kusema, maana wao ndio walio kwenye hali ngumu. Dereva hawezi kumwambia mwanzilishi wa shirika "sikubali". Anaweza kusema, "Sawa Mzee, naomba nimjulishe Mkurugenzi anipe mafuta." Sentensi hiyo haimvunjii mtu heshima, na safari haiondoki bila wewe kujua.

Usimwadhibu mfanyakazi aliyetii. Nimeona mkurugenzi akimpa dereva barua ya onyo kwa kumpeleka mjumbe msibani kwa gari la shirika, wakati mjumbe mwenyewe hakuambiwa neno. Ofisi nzima ilijifunza nani anaogopwa na nani anaonewa, na mkurugenzi yule hakusikilizwa tena hadi mkataba wake ulipokwisha.

Wanaamua mambo kwenye WhatsApp saa nne usiku. Asubuhi naambiwa nitekeleze.

Jibu langu la siku zote lilikuwa: "Nimelipokea, Wazee wangu. Naliandikia dokezo na bajeti, nitalileta tulipitishe." Halafu nalileta kweli, ndani ya siku mbili au tatu. Ukisema hivyo na usilete, watazidi kuamua usiku. Angalia pia katiba yenu kama inaruhusu uamuzi nje ya kikao na akidi yake ni ngapi; zipo zinazoruhusu. Watu wanne wakijibu kwa alama ya dole gumba, hicho si kikao.

Kama mnaweza, muwe na makundi mawili: la bodi, lenye taarifa za kikao tu, na la marafiki wa shirika, la picha, salamu, misiba na harusi. Nilipotenganisha hivyo, kundi la bodi lilikaa kimya wiki nzima kwa mara ya kwanza.

Vipi kuhusu fedha? Waanzilishi ndio watia saini na sitaki kuonekana nataka hela.

Basi usidai. Mwaka wa kwanza omba uwe mmoja wa watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha, na ombi hilo liambatane na kiwango cha masurufu unachoweza kutumia bila kurudi kwao. Sisi tulianza na laki tatu kwa mwezi, kila senti na risiti yake ya EFD (mashine ya kodi) au hati ya malipo iliyosainiwa na mpokeaji pale ambapo risiti haipatikani, kama bodaboda wa kijijini. Baada ya ukaguzi wa kwanza waliipandisha wenyewe.

Kuna jambo zito zaidi ya saini. Waanzilishi wengi wameweka hela zao. Kuna aliyelipa kodi ya pango miezi tisa, kuna aliyetoa pikipiki yake. Hawakuandikiana popote. Siku mfadhili wa kwanza mkubwa anapoingia, mmoja anakumbuka kwamba "shirika linanidai", akimaanisha yeye analidai shirika. Usicheke, na usimwone mroho. Omba bodi ikae mara moja, iorodheshe nani alitoa nini, na iamue wazi kipi kilikuwa sadaka na kipi kilikuwa mkopo. Mkopo uandikwe na ulipwe kwa fedha za michango ya wanachama au mapato yenu wenyewe, kamwe si kwa fedha ya mradi, kwa sababu fedha ya mradi ina mkataba wake na ina bajeti yake. Sadaka itajwe kwa shukrani, kwenye muhtasari na kwenye taarifa ya mwaka. Kwetu mfanyabiashara wa Majengo, aliyekuwa ametoa nyingi kuliko wote, alisimama akasema zake zote ni sadaka ila anaomba ziandikwe. Ziliandikwa. Sikumsikia tena akilalamika kuhusu matumizi.

Na mikataba: kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Mjumbe akizungumza na mfadhili peke yake, akasaini, kisha akakuletea nakala baada ya wiki tatu kwa furaha, umeshachelewa kabla hujaanza. Ieleze bodi hili mapema, kabla halijatokea. Likisemwa baada ya tukio linasikika kama lawama.

Mjumbe anauza vifaa ujenzi na anataka shirika linunue kwake.

Inawezekana, kama ametangaza maslahi yake kikaoni, akatoka nje wakati wa kuamua, na bei yake imeshindanishwa na wengine. Vinginevyo hapana. Mambo ya kuajiri mtoto wa mjumbe yaende hivyohivyo.

Mwanzilishi alimfukuza mfanyakazi kwa simu. Nimeambiwa niandike barua.

Usiiandike leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inadai sababu halali na utaratibu wa haki: mfanyakazi aelezwe tuhuma, apewe nafasi ya kujieleza, ndipo uamuzi utolewe. Aliyeachishwa ana siku 30 kulifikisha suala lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na huko atakayeitwa ni shirika. "Mwanzilishi alikasirika" haitakuwa hoja ya utetezi. Mwambie mwanzilishi kwamba tuhuma zake umezipokea na unazifanyia kazi kwa utaratibu. Kisha zifanyie kazi kweli; pengine ana haki kuhusu mfanyakazi huyo.

Wajumbe watatu wanaishi Dar es Salaam. Zamani walikuja mara mbili kwa mwaka, sasa wako hapa kila mwezi.

Ni treni. Tangu SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anatoka Dar asubuhi na mchana yuko kwenye meza yako. Panga siku yao: mwezi mmoja waende kijijini, mwezi mwingine waje kwenye kamati ya fedha. Mgeni asiye na ratiba hukaa ofisini, na akikaa ofisini atapekua mafaili.

Wanasema sijui kijiji. Mimi nina shahada ya maendeleo.

Wana haki, na hapa nataka kukaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza niliitisha mkutano wa kijiji katikati ya Januari, kuchagua kamati ya maji. Mpango kazi ulisema robo ya kwanza, mfadhili alitaka picha. Mzee mmoja wa bodi, Mgogo wa palepale, aliniambia taratibu, "Mwanangu, sasa hivi watu wako mashambani." Nilimjibu kwamba tarehe imeshatolewa. Mvua zetu hapa ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wiki mbili za palizi zikikupita hakuna wa kukurudishia. Mtama na uwele havisubiri kamati. Walikuja watu kumi na moja, wengi wao wazee wasiolima tena. Kamati ilichaguliwa. Wanawake ambao ndio wachotaji wa maji hawakuwepo hata wanne. Kamati ile ilikufa kabla ya mavuno, na bomba la pili lilivunjika likakaa hivyo miezi mitano. Bado linaniuma, kwa sababu niliambiwa.

Waanzilishi wako wanajua vitu ambavyo haviko kwenye andiko la mradi. Wanajua mwenyekiti wa kitongoji gani ana ugomvi na nani. Wanajua kwamba ukifika ukasema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kabla ya Kiswahili chako cha ofisini, mzee atakuondolea mkeka juani ukae kivulini. Wanajua shamba la kisima lilitolewa na ukoo upi na kwa maneno gani. Hayo yaandike. Nenda nao kijijini, ukae nyuma, wao watangulie. Kazi hii, ya kukutambulisha kwa watu, usiipokee haraka. Kwangu ilichukua miaka miwili na sijutii hata mwezi mmoja.

Mfadhili bado anampigia mwanzilishi, siyo mimi.

Muombe mwanzilishi aandike barua pepe moja ya kukutambulisha, na simu tatu zinazofuata mpokee mkiwa pamoja. Baada ya hapo atazoea.

Vikao vyetu vinachukua saa sita na hakuna kinachoamuliwa.

Angalia muda unakwenda wapi. Kwetu "mengineyo" ilikula nusu ya kikao, na mengineyo hayo yalikuwa kazi za mikono: bati la choo cha shule, bei ya saruji, nani atakwenda Bahi Ijumaa. Watu wanaopenda kazi hujadili kazi. Kwa hiyo tuliwapa mahali pa kuijadili: Jumamosi moja kila mwezi, bila muhtasari, kila mwenye kujitolea anakuja na kofia ya mfanyakazi, na siku hiyo msimamizi ni mkurugenzi. Kikao cha bodi kikabaki kila miezi mitatu, na taarifa yangu ya kurasa mbili inawafikia siku saba kabla. Mambo ya kuamuliwa yako juu kabisa ya ajenda, kabla ya chakula. Saa sita zilishuka zikawa mbili na nusu.

Usifute mengineyo. Mzee asiyepewa nafasi ya kusema lake mwishoni atalisema barabarani.

Je, nipendekeze tubadilishe bodi?

Si mwaka wa kwanza. Na ukifika wakati wake, isiwe hoja yako. Iwe ya katiba. Kama katiba ina ukomo wa vipindi, kumbusha kwa upole. Kama haina, omba mwenyekiti aunde kamati ndogo ya kuipitia. Nafasi moja ikiwa wazi, tafuteni mhasibu au mwanasheria asiye rafiki wa zamani wa mtu yeyote. Mabadiliko ya viongozi yatolewe taarifa kwa Msajili, msije mkaitwa na majina ya miaka kumi iliyopita.

Anayeondoka asiondoke mikono mitupu. Mweka hazina wetu alipostaafu tulimuomba aendelee kuja siku ya kufunga hesabu za mwaka, akae na mkaguzi. Alikuja na daftari zake zote nane.

Nimejaribu yote haya mwaka mzima, hakuna kinachobadilika. Niondoke?

Ukiombwa kusaini ulichokiona kuwa si kweli, ondoka, na ondoka kwa barua inayosema ulichokataa kusaini. Fedha ya mradi ikihamishwa kwenda kwa mtu binafsi na bodi ikakaa kimya baada ya wewe kuiandikia, ondoka pia. Nje ya hayo, jiulize kama orodha ya kazi imesogea hata kidogo. Kama mwaka jana zilikuwa 41 mikononi mwao na leo ziko 30, mnasonga, ingawa ndani ya wiki moja huwezi kuona. Kama zimebaki 41 na orodha hairuhusiwi kusomwa kikaoni, waeleze wazi kwamba wanahitaji mratibu, si mkurugenzi, na mpeane nafasi ya kuagana vizuri.

Mimi si mkurugenzi. Ni mwanzilishi niliye kwenye bodi, na nimeusoma huu ukurasa wote. Nifanye nini?

Mpigie mkurugenzi kabla ya kwenda ofisini. Uliza maswali yako kwake, si kwa mhasibu. Ukiona kosa dogo, liache lifike kikaoni.

Halafu kagua nyumba yako. Nilipoingia bodi hii ninayokaa sasa, nilikuwa nimejitolea stoo kwa miaka mitatu kabla hatujapata mkurugenzi. Tulimpokea kwa heshima zote, nikatoa hotuba ndefu kuhusu makabidhiano. Miezi saba baadaye, nikitafuta sindano kwenye droo, nilikuta ufunguo wa pili wa stoo. Mkurugenzi alikuwa akiniomba "nimfungulie" kila akipeleka mabomba, na mimi nilikuwa nikienda, nikijiona ninasaidia. Nilimpelekea siku hiyohiyo, tukaandikiana.